Wati kwanza, spidi baadaye: i9-14900K na 7800X3D kwenye chumba cha joto

REHEMA: Haya tumerudi. Kaka Salum, leo tuongelee wanaotaka kujenga kompyuta ya mezani na wamekwama kati ya Core i9-14900K ya Intel na Ryzen 7 7800X3D ya AMD, prosesa zote mbili za 2023. Msimamo wangu nautoa mapema: ukiwa Dar, Tanga, Mombasa, popote penye joto, uliza kwanza inakula wati ngapi, spidi itafuata.

SALUM: Hapo ntakubishia kidogo dada. Mtu wa video ukimwambia aanze na wati unamwonea, maana 14900K ina kora 24, yaani sehemu za kufanyia kazi ndani ya prosesa, nane kubwa na 16 ndogo, inafika gigahezi 6, na ile AMD ina kora nane basi. Kwenye kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, hazilingani kabisa.

REHEMA: Kurenda sikatai, Intel inashinda tena kwa mbali. Ila kiwango cha juu alichoandika Intel mwenyewe ni wati 253, prosesa peke yake hiyo, hujagusa kadi ya picha. Ikikaa hapo saa nane ushakula yuniti mbili za LUKU. 7800X3D kwenye gemu mara nyingi haifiki hata wati 80, na gemu nyingi tu inaipita hiyo i9, kwa sababu ya kashe, ile kumbukumbu ya ndani ya prosesa, ina megabaiti 96, data gemu inayoitaka inaikuta humohumo haihangaiki kwenda mpaka kwenye RAM.

SALUM: Lakini wengi wanasema AMD ndo zinachemka, wameona 7950X, prosesa nyingine ya AMD, imegonga nyuzi 95 wakaogopa.

REHEMA: Afadhali umelitaja, hili linawapoteza watu sana. 7950X imetengenezwa ipande mpaka 95 ikipewa mzigo mzito halafu ijizuie hapo, AMD walisema wazi. Ile namba ya nyuzi inakwambia hali ya kile kipande kidogo cha silikoni, haikwambii chumba chako kitapata joto kiasi gani. Kijiko cha chai inayochemka na ndoo ya maji ya uvuguvugu, ndoo ndo imebeba joto jingi japo mkono hauungui. Chumbani zinaingia wati, kama ni 253 basi zote 253 zinageuka joto, hata ununue kipoozeo cha maji cha bei gani kazi yake ni kulitoa joto kwenye prosesa na kulileta hapo ulipokaa.

SALUM: Na majaribio tunayoyaangalia mtandaoni mengi yamefanyika kwenye chumba cha nyuzi 21, 22 hivi. Hapa mchana wa Februari chumba bila AC kina 32. Kwa hiyo chukua ile namba uliyoiona kwenye video ongeza kumi, na 14900K kikomo chake ni 100, ikifika inaanza kujipunguza spidi yenyewe, zile gigahezi sita ulizolipia huzioni.

REHEMA: Wakati huo feni inapiga kelele mpaka chumba cha pili.

SALUM: Kelele ndo eneo langu maana narekodi sauti. Feni inayovuma sawasawa sikio linaizoea, inayochosha ni ile inayopanda na kushuka kila ukifungua ukurasa, na hiyo dawa yake iko kwenye bayosi, ile mipangilio ya msingi ya kompyuta, unaiwekea ichelewe sekunde chache kabla ya kuongeza mzunguko. Halafu feni kubwa, ya milimita 140 inazunguka polepole na hewa inasukuma ya kutosha, ndogo lazima ikimbie.

REHEMA: Ila dawa kubwa ni kupunguza wati zenyewe. Spidi ya mwisho kabisa inaombewa volteji zaidi, na umeme unaoliwa unakua kwa mraba wa volteji, ndo maana kale kaspidi ka juu kabisa kanagharimu kupita kiasi. Weka 14900K kikomo cha wati 125, kurenda kutapungua, sio nusu kama wati zilivyopungua. 7950X nayo ina Eco Mode, hali ya kubana umeme, ukichagua ile inayoitwa ya wati 65, kikomo chake halisi ni wati 88.

SALUM: Tena madabodi nyingi, zile bodi kuu za kompyuta, zilikuwa zinakuja kikomo cha wati kimeondolewa, mtu hajui. Na 2024 Intel walikiri prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaomba volteji kubwa mno, zikaharibika, wakatoa maikrokodi, programu ndogo ya kuirekebisha prosesa inayokuja na bayosi, na kuongeza waranti miaka miwili. Anayenunua iliyotumika hapo mtaani lazima aapdeti bayosi kabla ya kitu kingine chochote.

REHEMA: Tuwe wakweli pia kwa upande wa pili, kompyuta ya ofisini inayoshinda na Excel, haifanyi kitu muda mwingi, hapo Intel hula umeme kidogo kuliko hizi Ryzen zilizoundwa kwa vipande kadhaa vya silikoni.

SALUM: Kweli. Na kwa mwenye gemu mimi nishakubali, 7800X3D. Wa video bado namwambia 14900K, ila na kile kikomo chako.

REHEMA: Na aangalie na UPS yake, hizi ndogo za 650VA nyingi zinatoa chini ya wati 400 tu, prosesa ikivuta 253 na kadi ya picha nayo ikivuta, umeme ukikatika inazima papo hapo na video haijamaliza.