Msomaji wetu mkubwa harejelei mtu

Haya jamani tuanze, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Leo nazungumzia marejeleo, yani kazi yako imetajwa mara ngapi kwenye makala za wengine, na kwa nini hesabu hiyo haitoshi kutupima sisi watafiti wa elimu. Mlionisikia kwingine mtanivumilia, najua mtasema huyu naye na yaleyale, ila mpaka kamati za kupandisha vyeo vyuoni ziache kufungua Google Scholar, ule mtandao unaohesabu marejeleo, kabla hazijafungua makala yenyewe, mimi nitaendelea tu.

H-indeksi, ile namba moja ya kumpima mtafiti, sielezi sana, mnaijua. Una makala kumi, kila moja imerejelewa mara 10 au zaidi, h yako ni 10. Aliyeipendekeza ni Jorge Hirsch, mwaka 2005, na huyo bwana ni mwanafizikia. Mwanafizikia! Hakuwa anamfikiria mtu anayeshinda kwenye darasa la kwanza mwaka mzima akiangalia watoto wanavyojifunza kusoma. Na mwenyewe mwaka 2020 ameandika kwamba kipimo chake kinaweza kuleta madhara ambayo hakuyategemea. Yani baba mtu kashamkana mtoto, sisi bado tumembeba mgongoni.

Sasa chukueni kalamu. Mtu wa kwanza ana makala 12, kila moja imerejelewa mara 12. H yake 12, marejeleo yote kwa jumla 144. Wa pili ana makala nne tu, moja imerejelewa mara 3,000, tatu zilizobaki ishirini ishirini. H yake ngapi? Nne. Hata ile moja ifike laki bado ni nne, maana h haiwezi kuzidi idadi ya makala ulizonazo. Kwenye kamati anapita nani? Haya, mmecheka, mnajua wenyewe. Hapo mtu ananiambia si utumie jumla basi, 3,060 kwa 144, tatizo limeisha. Halijaisha ndugu yangu, ngoja.

Kuna zoezi huwa nawapa wanafunzi wangu wa uzamili. Chukua makala yoyote iliyorejelewa sana, bonyeza ile namba, fungua makala zilizoirejelea moja baada ya nyingine na utafute ile sentensi tu ambayo jina limetajwa. Wanarudi wamenuna. Kwa sababu wanakuta nini? "Watafiti wengi wamelichunguza suala hili", halafu mabano, majina saba na miaka yake yamepangwa kialfabeti, nukta, tunaendelea. Hakuna aliyeambiwa kitu, ila wote saba wamepata moja moja. Mwingine kaingizwa kwa sababu rivyua, yule anayeikagua makala kabla haijachapishwa, alidai kazi hiyo itajwe, na rivyua mwenyewe ni nani, tuache. Mwingine karejelewa ili aambiwe kwamba data zake hazibebi hitimisho lake, nayo ni moja, inaingia kwenye profaili inang'aa. Halafu kuna kurejelea kwa kurithi, hii ndo inaniudhi kuliko zote, unaliona jina la Vygotsky, yule mwanasaikolojia Mrusi, kwenye makala ya mwenzako unalihamishia kwako, unaandika 1978, na Vygotsky amefariki 1934 akiwa na miaka 37 tu. Hiyo 1978 ni mkusanyiko wa Kiingereza, hujaufungua, na ungeufungua pengine ungekuta anachosema sicho ulichomsemesha. Kwenye hesabu hayo yote yana uzito mmoja.

Sasa njoo kwa mwalimu. Mwalimu kasoma kazi ya Paul Black na Dylan Wiliam ya 1998 kuhusu kumpima mtoto wakati bado anajifunza, au hata hajaisoma, kaisikia kwenye semina, akaacha kuandika 4/10 peke yake kwenye daftari, akaanza kuandika "hesabu hii umesahau kubeba, irudie". Darasa limebadilika pale. Amemrejelea nani? Hakuna. Haandiki makala, hana sababu ya kuandika. Hao wawili wamerejelewa sana na wasomi pia, sikatai, lakini namba yao ingekuwa ileile hata kama hakuna daftari hata moja lililobadilika. Hapo ndo hoja yangu yote. Kwenye fani yetu wanaotumia kazi ni walimu, wakuza mitaala, wakaguzi, na wote hao namba haiwaoni.

Najua yupo anayewaza, tukiacha namba si tutarudi kwenye kujuana? Hoja nzito hiyo, siidharau, kuna vijana wamepona kwa sababu ya namba pale ambapo wakubwa hawakuwataka. Lakini namba nazo zinajuana. Nirejelee nikurejelee, mhariri anakwambia ongeza makala za jarida letu, mkuu wa maabara jina lake lipo kwenye kila kitu cha vijana wake. Kujuana kumebaki palepale, sasa kuna desimali.

Naonyeshwa dakika tano hapa. Impakti fakta basi, ile namba ya kupima jarida, haraka: inahesabu marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia. Miaka miwili! Sisi kibali cha kuingia shuleni tu mnajua kinavyosumbua, ongeza mihula, ongeza rivyua, mtu akija kukurejelea dirisha limeshafungwa. Na ni wastani wa jarida, makala chache zinazibeba zingine, azimio la DORA la San Francisco, la watafiti na wachapishaji kuhusu namna ya kupima utafiti, lilishasema tusiutumie wastani huo kumpima mtu mmoja mmoja, watu wametia saini wakaendelea kama kawaida. Vitabu na kazi zisizo za Kiingereza, hifadhidata zile kubwa zinaona kwa shida. Majarida uchwara, yale ya kulipia ukachapishwa bila kukaguliwa, naruka, imeli zao mnazipata, mnaitwa maprofesa mashuhuri na bado mnasoma.

Mkikaa kwenye kamati, mwambieni mtu alete kazi tatu na ukurasa mmoja wa nani kazitumia na kwa kufanyia nini, na nyinyi mzisome. Muda hatuna, mtasema. Profesa asiye na muda wa kusoma makala tatu asiitwe kwenye kamati, biashara imeisha. Haya maswali, dada wa mbele mpeni maiki, naona kashanikasirikia.