Dola mia ya kwenda kwa mama

ZUHURA: Hamjambo wapenzi wasikilizaji. Leo Athumani kaniwahi studio!

ATHUMANI: Nataka habari ya dadako kuapa uraia wa Marekani. Ilikuwaje?

ZUHURA: Alhamisi, mahakamani hapa Minneapolis. Mlangoni wanachukua grinkadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu. Dada kaishika kwa mikono miwili, utadhani haitoi. Kisha zinatajwa nchi, kila mtu anasimama ikitajwa yake. Somalia, umati. Ikatajwa Tanzania, akasimama peke yake. Na mimi huku nyuma, kwenye viti vya wageni, nikajikuta nimesimama.

ATHUMANI: Na huapi!

ZUHURA: Na siapi. Tulipotoka tukampigia mama Tanga. Vigelegele! Kisha, "Idi mnakuja?" Dada akamwambia anakuja, ila sasa atalipia viza dola mia. Mama akauliza, "Ya kuja kwangu? Nani anaipokea, mbona mimi sijaiona?"

ATHUMANI: Mama ana haki, apewe yeye!

ZUHURA: Kaanza hesabu. Na wajukuu watatu waliozaliwa huku, dola mia nne. Paa la jikoni hilo.

ATHUMANI: Sasa nisikilize mie. Natoka Mombasa, napita Lungalunga, nagongewa muhuri Horohoro, nipo Tanga bila kulipa viza. Na mie niliapa hapa zamani!

ZUHURA: Katiba yenu ya 2010 inawaruhusu uraia pacha. Sisi, mtu mzima akichukua wa kwingine, wa Tanzania umekwisha.

ATHUMANI: Kwa hiyo mie Mkenya naingia bure kwa mamako, na mwanawe wa kumzaa analipa?

ZUHURA: Mama kasema basi Idi uende wewe.

ATHUMANI: Mwambie aandae pilau. Lakini ndiyo sababu huapi? Dola mia?

ZUHURA: Siyo pesa. Kile kiapo unakana kabisa utii kwa nchi nyingine yoyote. Siwezi kuinua mkono nikasema hivyo.

ATHUMANI: Nilisema, na bado ni Mkenya. Wewe wanao wanasoma hapa, kodi unalipa hapa, bodi ya shule inachaguliwa na huna kura. Na mwenye grinkadi anaweza kufukuzwa nchini. Huo ni uenyeji gani?

ZUHURA: Nilipojifungua, majirani walinifagilia theluji mlangoni mwezi mzima. Hakuna aliyeniuliza cheti.

ATHUMANI: Jirani hawezi kukushusha kwenye ndege ya kukurudisha.

ZUHURA: Baba alipofariki nilifika Tanga, nikaonyesha pasi, nikapita. Sikueleza nimekuja kufanya nini. Hilo siliuzi.

ATHUMANI: Si kuna ile hadhi maalum ya diaspora, ambayo Tanzania inawapa wenye asili yake waliochukua uraia wa nje?

ZUHURA: Haikufanyi raia, Athumani. Unabaki mgeni mwenye nafuu.

ATHUMANI: Msiba nakuelewa. Lakini kuishi mahali miaka yote hii watu wengine wakikuamulia, mie sikubali.

ZUHURA: Na mimi sikubali kuapa nisichokimaanisha.

ATHUMANI: Basi tumekwama. Na fundi anatuonyesha dakika moja. Tuliahidi kufundisha usaili wa kuomba uraia!

ZUHURA: Haraka basi: waliotuma fomu kuanzia 20 Oktoba 2025, orodha ya historia na serikali ya Marekani ina maswali 128. Unaulizwa hadi 20, upate 12.

ATHUMANI: Na jaribio la kusoma na kuandika Kiingereza?

ZUHURA: Wiki ijayo. Na zile sauti mlizotutumia pia, samahani jamani, muda umetutupa.