Basi Lenye Manjano Kupita Kiasi

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi. Wakubwa shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamkuamkia.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya muziki wa watu weusi katika kuunganisha watu na kuleta mabadiliko. Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, wanaruhusiwa kusinzia. Wengine niwaulize jambo. Mlipokuwa mnaingia humu, spika hizi mbili zilikuwa zinapiga muziki mtamu wa Wamarekani weusi, nusu saa nzima. Ni nani aliyeunganishwa? Mimi nilikaa pale pembeni nikitazama. Kila mtu na simu yake. Jirani hakumpa jirani hata salamu.

Huo ndio ugomvi wangu, na nimeubeba miaka yote niliyofundisha kwaya. Tunasema muziki unaunganisha watu kana kwamba ni gundi, ukishaumwaga watu wamenatana. Hebu twende Birmingham, Alabama, tarehe 10 Aprili 1956. Nat King Cole yuko jukwaani. Mwimbaji mweusi, mbele yake ukumbi wa Wazungu watupu waliokata tiketi kwa sababu wanaipenda sauti yake. Katikati ya onyesho wanaume wa Kizungu wakapanda jukwaani, wakamshambulia, wakamwangusha. Sauti iliyopendwa Marekani nzima! Au Cotton Club, ukumbi wa starehe palepale Harlem, mtaa wa weusi kule New York: Duke Ellington, bingwa wa jazi, anapiga, wanenguaji weusi, wahudumu weusi, na mteja mweusi akija anarudishiwa mlangoni. Kusini mwa Marekani kulikuwa na kumbi za dansi zilizofungwa kamba katikati ya sakafu, weusi upande huu, weupe upande ule, bendi moja. Wote wakacheza, wote wakatoka jasho, na kamba ikabaki palepale.

Kwa hiyo habari ya muziki kupendwa tuiweke kando. Mimi nazungumzia kuimba, kwa koo lako mwenyewe, pamoja na watu ambao usiku huo mnaweza kulala lokapu moja.

Jimbo la Mississippi, hukohuko kusini, tarehe 31 Agosti 1962. Watu 18 wa mji mdogo wa Ruleville wamepanda basi kwenda Indianola, makao makuu ya kaunti yao, kujiandikisha kupiga kura. Basi kuukuu, la kubebea vibarua wa mashambani. Ndani yumo mama mmoja, Fannie Lou Hamer, umri miaka 44, kitinda mimba katika watoto 20. Kwa miaka 18 amefanya kazi kwenye shamba la pamba la Mzungu, analima na kuandika saa za vibarua. Mwezi huohuo wa Agosti ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza, kwenye mkutano kanisani, kwamba mtu mweusi anaweza kupiga kura. Miaka 44, jamani! Mmarekani!

Wanafika. Walioruhusiwa kufanya mtihani ni wawili tu, yeye na mwenzake. Maana kulikuwa na mtihani: unapewa kifungu cha katiba ya jimbo, ukinakili, halafu ueleze maana yake, na anayesahihisha ni karani ambaye hataki upite. Kifungu cha Hamer kilihusu sheria zinazotumika kwa vitendo bila kuwekwa rasmi. Alisimulia baadaye kwamba aliyajua mambo hayo kama farasi anavyoijua Krismasi. Akaanguka. Na mwenzake akaanguka.

Wanarudi. Njiani polisi wanalisimamisha basi, dereva anakamatwa. Kosa? Basi ni la manjano kupita kiasi, linafanana na basi la shule. Chekeni tu. Nyie mnawajua trafiki, akikosa kosa la leseni atalipata kwenye kandambili za dereva. Lakini mnapocheka mkumbuke Mississippi ilikuwa ni wapi. Watu waliuawa kule kwa sababu ndogo kuliko rangi ya basi. Faini ni dola 100. Hakuna mwenye hela hiyo.

Sasa nitulie hapa kidogo, mwenyekiti atanivumilia. Watu wameketi ndani ya basi barabarani, jua la Agosti, na kila mmoja anaanza kuwaza peke yake. Nikirudi, kazi nitakuwa nayo? Nyumba ninayokaa ni ya mwenye shamba. Nani alinituma? Hapo ndipo vuguvugu lolote hufa. Linafia kimya kimya ndani ya kichwa cha mtu mmoja mmoja, kabla hata rungu halijainuliwa. Ndipo Hamer akaanzisha pambio. Akaimba habari ya hii nuru yangu ndogo, nitaiacha iangaze. Ni wimbo wa watoto wa Sunday school! Akatoka huo akaingia mwingine.

Kwa nini pambio? Kwa sababu halitaki kitabu wala mazoezi. Mstari unarudiwa, unarudiwa tena, kisha unafungwa. Ukiusikia mara moja umeshaumiliki. Anayeanzisha anatupa, wengine wanadaka. Tena mtu mwenye hofu hupumua juu juu, kama kuku aliyekimbizwa. Kuimba kunamlazimisha ashushe pumzi tumboni, na ashushe pamoja na wa kushoto kwake. Walimu wa kwaya hamhitaji kufundishwa hili. Mmeona mtoto anatetemeka mbele ya wageni rasmi, bezi zikiingia nyuma yake anatulia.

Najua kijana mmoja hapa anasema moyoni, mzee, wimbo haukulipa faini. Kweli kabisa. Faini ilishushwa mpaka dola 30 na abiria wakachangishana mifukoni. Wimbo haukumwandikisha Hamer, na usiku uleule alifukuzwa shambani. Mimi sijasema wimbo ni dawa ya kila ugonjwa. Nasema basi lile liliondoka Ruleville likiwa na watu 18 pamoja, na wimbo uliwazuia wasirudi wakiwa mmoja, mmoja, mmoja. Januari 1963 Hamer aliurudia mtihani, akapita. Juni mwaka huo akapigwa vibaya rumande kule Winona, na humo pia aliimba. Mwaka 1964 alitoa ushahidi mbele ya chama cha Democratic, na Rais Johnson akaitisha mkutano na waandishi ili kamera zimwache mama huyu. Rais wa Marekani, anamkimbia kibarua wa pamba!

Na mwingine anasema, hayo ni mambo ya kanisani, mimi ni Mwislamu. Ndugu yangu, wewe umekulia kwenye kaswida na maulidi, unajua kuitikia kuliko mimi.

Nimebakiwa na dakika chache, niguse lile la nita- na tuta-. Wimbo ule maarufu wa “tutashinda”, We Shall Overcome, haukuanza hivyo. Makanisani ulikuwa “nitashinda”. Wanawake weusi waliogoma kwenye kiwanda cha tumbaku Charleston mwaka 1945 waliuimba, ukapokewa katika Highlander, shule ya wanaharakati kule Tennessee, na katika safari hiyo “ni” ikawa “tu”. Sisi tunaona ni maendeleo, mshikamano. Bernice Johnson Reagon, binti wa Albany, Georgia, aliyeimba na kufungwa jela katika mapambano ya haki za weusi, hakulikubali kirahisi. Hoja yake: watu wengi wakisema “mimi”, hapo una kundi. Wakisema “sisi”, hujui nani atafanya nini. Kumbukeni kikao chochote mlichowahi kuhudhuria. “Tutachangia.” Nani? “Tutasafisha mtaro.” Lini? Silabi moja tu, na mtaro unanuka mpaka leo.

Huyohuyo Reagon, Albany, mwaka 1961, watu wametoka kuandamana, anaombwa aimbe kanisani. Wimbo wa zamani unasema naona shida hewani juu ya kichwa changu. Akafika kwenye “shida” akaweka “uhuru”. Neno moja, papo hapo, na kanisa zima likamfuata. Mapambio mengine waliyatia jina la mkuu wa polisi wa mji, Pritchett: hata Pritchett hatanigeuza njia. Huwezi kuufanyia hivyo muziki unaotoka kwenye spika. Spika haipokei neno lako.

Afrika Kusini nilikuwa nimeiandikia kurasa tatu. Naziacha. Mwenyekiti ameshatazama saa mara mbili, ya tatu atanitazama mimi.

Ila hili la kwetu siliachi. Desemba 1963, Kenya imepata uhuru juzi tu, Oginga Odinga yuko Atlanta, Georgia. Vijana wa SNCC, lile kundi la wanafunzi lililokuwa likipigania haki kusini, wakaenda hotelini kumwona na kumwimbia. Walipotoka wakaingia mkahawa wa jirani kunywa kahawa. Wakanyimwa kwa weusi wao, wakagoma kutoka, polisi wakawakamata. Wakatunga wimbo wenye jina la Odinga, na ndani yake wakaweka neno “uhuru”, hivyohivyo kwa Kiswahili. Ukaimbwa na Freedom Singers, kikundi kilichozunguka Marekani kuchangisha fedha za harakati. Kwa hiyo neno mnalolisikia kila Desemba kwenye hotuba, mkilipigia miayo, kuna watu walilitoa koo moja hadi jingine, bila wimbo kuandikwa ubaoni.

Baada ya hapa ratiba inasema “burudani”. Naomba fundi mitambo azizime hizo spika, maana naona anakaribia swichi. Kuna mkono kule nyuma. Karibu, mama. Na kipaza sauti acha tu, sema hivyohivyo, tutakusikia.