Moto moja, kazi mbili: bia ya mu lupango na nyama ya pole pole

Ilunga: Karibuni, karibuni bote, mwenye kuwa ku komini ya Kenya, mwenye kuwa Katuba, Kampemba, Ruashi, na beye benye beko mbali na Lubumbashi. Miye ni Ilunga, niko na Sandra. Leo tunaongea bia, ile unatengeneza weye mwenyewe mu lupango, lakini hatutaiongea peke yake, tutaiweka pamoja na nyama ya kupika inje pole pole, juu kwangu hii mambo mbili haiachanaka.

Sandra: Yaya, anza na nyama, juu bantu bakisikia nyama ya inje banawaza michopo.

Ilunga: Michopo ni kintu ingine. Michopo inaomba moto mukali na nyama ya kukata kidogo kidogo, unangojea kidogo tu unakula. Mi nasema ile bega muzima ya mbuzi mukubwa, yenye mishipa, ile bantu banakimbia ku soko juu banasema inakomesha meno. Unakamata pipa ya chuma ya kukata pakati, unaichoma kwanza na moto mukubwa mupaka mafuta na rangi yote itoke, kisha makala unaweka upande moja, nyama upande ingine, unafunika. Saa ine, saa tano.

Sandra: Na kuko sababu. Mu ile nyama muko kolajeni, ile bintu nyeupe ya kuvutika, ukiipikia haraka inajikunja, inakuwa kama mupira, lakini ukiipatia joto ya kutulia, nyama yenyewe ndani inafika digri 80, 90, pole pole, inayeyuka, inageuka ule utelezi wa kunata ku bidole. Na kuko fasi moja ya njia, pembeni ya 65 ao 70, termometa inasimama. Inasimama saa nzima, na kupita. Njo pale bantu banaharibu, banawaza makala imezimika, banamwanga makala ingine. Acheni! Nyama iko inatoka jasho, ile mayi ya kutoka njo inaipoza, sawa muntu mwenye kuwa mu jua. Mungoje tu, itapanda.

Ilunga: Bon, sasa weka ile maneno ya Sandra mu kichwa, juu bia ni vile vile kabisa. Kazi ya bia, ile kubwa yake, ni kushika joto fasi moja bila kuiacha ipande ao ishuke. Bantu banawaza siri iko mu chachu ao mu mashini ya bei kali, apana, siri ni digri 65, saa moja na nusu, basi. Muntu mwenye kujua kutuliza makala chini ya bega ya mbuzi, huyu ameshajua nusu ya kupika bia, na hajui kama anajua.

Sandra: Elezea juu ya nini 65.

Ilunga: Juu mu mbegu ya kuota muko enzaimu, beye njo banakata wanga banaigeuza sukari, na sukari njo chachu inakula inatupatia pombe. Joto ikiwa chini sana enzaimu zinalala. Ikipita 70 na kitu zinakufa, unabakia na uji ya bure. Ukikaa 62, 63, bia inakuwa kavu, nyepesi mu kinywa. Ukikaa 68 inakuwa nzito kidogo, na butamu unabakia. Hii ni kwa shayiri. Lakini huku kwetu shayiri ya kuota inapatikana wapi? Ya kuleta kutoka inje bei yake inaumiza. Njo maana miye napikia na mtama, ile masaka.

Sandra: Na mtama iko na kichwa yake.

Ilunga: Iko na kichwa kabisa! Wanga ya mtama haifungukake ku 65, inaomba kupita 70, na ku ile joto enzaimu zimeshakufa. Kwa hiyo unafanya hivi, musikilize muzuri. Bunga ya mtama ya kuota unailoweka mu mayi ya vuguvugu, unaacha itulie mupaka ile nzito ishuke chini na juu kubakie mayi ya rangi ya chai nyepesi. Ile mayi unaitosha, unaiweka pembeni, usiimwange hata tone, juu enzaimu ziko mule. Ile nzito ya chini unaitia ku moto unaipika uji muzima, inachemka, wanga inafunguka. Kisha unangojea uji ishuke mupaka 65, unarudisha ile mayi, unafunika sufuria na mablangeti mbili, unaiweka mbali na moto. Saa moja na nusu, saa mbili. Unaonja: kama imekuwa tamu, imetoka.

Sandra: Miye niko na neno hapa. Ile kazi yote ya kutosha mayi na kurudisha mayi, bamama ba huku bameshaimaliza zamani na munkoyo, ile kinywaji ya uji ya muhindi na mizizi.

Ilunga: Eeh, sema hiyo.

Sandra: Unapika uji ya bunga ya muhindi, nzito. Unaitosha ku moto, unaacha joto ipunguke lakini isipoe. Mizizi ya munkoyo unaiponda mupaka inakuwa nyuzi nyuzi, unaitumbukiza mule, unakoroga. Na pale uangalie mwiko yako, juu ni kintu ya kuona na macho: mbele ya ile mizizi mwiko inasimama mu uji peke yake, na kisha kidogo tu uji inaanza kulegea, inateleza ku mwiko, inamwangika sawa mayi. Ile mizizi, mingi yake ni ya miti midogo banaita Rhynchosia, iko na enzaimu zake yenyewe, inakata wanga ya muhindi bila kuotesha mbegu hata moja. Unachuja, unaacha, kesho yake asubui iko tamu na imechachuka kidogo, batoto banakunywa, bamama banakunywa. Ukiiacha siku zingine inaanza kukamata bantu. Miye kila mara kuko nyama ya pole pole naweka munkoyo usiku wa mbele, juu si bote banakunywa pombe, na mugeni mwenye hakunywe asipewe mayi ya bure.

Ilunga: Nakubali kabisa. Lakini turudi nyuma kidogo ku kuotesha mtama, kuko neno ya afya pale. Unaloweka usiku moja, unatandika ku gunia yenye mayi mayi, unageuza geuza, kisha siku tatu ao ine inatoa mizizi na kamumea. Unaanika ku jua mupaka ikauke kabisa. Sasa ile mizizi na ile mimea midogo, unaisugua unaipepeta unaitosha, usisage nayo. Mimea ya mtama iko na sumu ya jamii ya sianidi. Usipite hii hatua juu ya haraka.

Sandra: Na ile mayi tamu ya bia, ukisha kuichuja, uichemshe. Bantu ba kuchemsha nusu saa, apana.

Ilunga: Saa moja nzima, na miye naongezaka kidogo. Lubumbashi iko pembeni ya metre 1200 juu ya bahari, huku mayi inachemka pembeni ya digri 96, haifikake mia. Na usiende mbali wakati inaanza kuchemka, povu inapanda mara moja, inazima makala na kukupotezea bia.

Sandra: Sasa moto. Juu nyama inaomba moto kidogo, bia inaomba moto mukali. Utafanya namna gani mu lupango moja?

Ilunga: Njo hapa butamu wa hii mambo iko! Mbabula moja, ile jiko ya makala, na pipa moja. Asubui mapema unawasha mbabula kwa uji ya bia, moto mukali. Uji ikitoka, ile makala nyekundu ya kubakia unaipeleka ku pipa, nyama inaingia. Wakati sufuria imelala mu mablangeti, nyama nayo inaanza, na weye unakaa. Kisha unawasha mbabula tena ya kuchemsha, na mule mu mbabula njo unakuwa unatosha makala ya kuwaka, moja moja, na koleo, unapeleka ku pipa. Juu makala mubichi ukiitupa straight chini ya nyama inatoa moshi mubaya, wa kuwasha macho, na nyama inakamata buchungu. Makala yenye imeshawaka muzuri mu mbabula haina ile moshi. Kwa hiyo bia inapikia nyama moto. Ukiwa na nyama peke yake itakuomba mbabula ya pili ya kuwashia makala tu, kuchoma makala bure, na munajua gunia ya makala iko bei gani sasa.

Sandra: Kwa moshi ya butamu, kijiti ya muembe ya kukauka, moja ao mbili. Mbao ya rangi ao ya dawa, usiweke hata kidogo.

Ilunga: Na mu Ujerumani, muji wa Bamberg, banakausha shayiri juu ya moto wa kuni, bia inatoka na moshi ndani yake, iko mupaka leo. Miye mtama ya kuota, kidogo yake, naikaushaka mu pipa na moshi ya muembe. Ile bia na mbuzi, eh Sandra.

Sandra: Ile ya moshi ni muzuri, nasema kweli. Lakini ile ya kupita yote ni sirop. Mbele ya kutia hublo, ile maua ya buchungu ya bia, unatosha litre moja ya ile mayi tamu, unaiweka mu kasufuria pembeni na tangawizi, kitunguu, pilipili, chumvi, unaiacha ipunguke mupaka inashika ku mwiko. Njo unapaka nyama. Mwisho mwisho tu, nusu saa ya mwisho, juu ni sukari, ukiipaka mapema inaungua inakuwa nyeusi. Na usitumike bia yenye hublo kwa kupunguza ku moto, buchungu unajikusanya, nyama haikuliwi.

Ilunga: Hublo, ile maua ya buchungu. Kuko ya kutoka Afrika ya Kusini, banailima pembeni ya muji wa George, inakuja mu sashe ya kufunga, uiweke mu konjelatere. Inasaidia bia isiharibike.

Sandra: Miye sioni lazima. Bibi zetu bamekunywa yao mbichi, siku mbili tatu, imekwisha. Kama bantu ba kunywa beko, hublo ya nini?

Ilunga: Kama unataka kuiweka wiki tatu mu chupa, utaiomba.

Sandra: Sawa, kwa chupa. Bon, busafi. Kisha kuchemsha, kila kintu ya kugusa bia iwe imesafishwa, bido, ile dumu ya kuwekea bia, kifuniko, mupira, yote, unapitisha javele kidogo, ile dawa ya kufanya nguo nyeupe, mu mayi, kisha unasuuza na mayi ya kuchemsha. Na hapa niko mukali: muntu mwenye kushika nyama mbichi haguse bia. Mugawane kazi. Moja ni wa pipa, moja ni wa sufuria, mupaka bido ifungwe. Mikono ya damu ya mbuzi mu bia ya kupoa, hapana, kabisa.

Ilunga: Kupoza, unaweka sufuria mu beseni ya mayi baridi, unabadilisha mayi, kisha bia unaimwanga mu bido na chachu. Na hii wakati ya mwezi wa sita na wa saba, usiku huku kuko baridi ya kweli, ni zawadi, juu chachu inapenda 18 mupaka 20, na nyumba inashika ile joto bila frigo. Mwezi wa kumi, jua ya kupasua kichwa, chachu inakimbia sana, inaleta harufu sawa rangi ya mulango, na kesho yake kichwa inauma. Ukipika wakati ile, bido ikae mu beseni ya mayi na kitambaa ya kulowa juu yake. Chachu ya mukate inafanya, chachu ya bia ni muzuri zaidi.

Sandra: Na chupa.

Ilunga: Chupa za rangi ya kahawia, mwangaza unaharibu bia yenye hublo. Ungoje mupaka povu imalizike kabisa mu bido, siku kumi ao wiki mbili, kisha sukari gramu 6 ao 7 kwa litre moja, usipimishe na macho, upime. Ukifunga chupa mbele ya bia kumaliza, chupa inapasuka, na kioo haichague mutoto ao mukubwa. Jaza moja mu chupa ya plastiki ya soda, weka pamoja na zingine. Kila siku unaifinya. Ikikuwa ngumu sawa sawa, za kioo nazo ziko tayari, weka zote fasi ya baridi. Ikianza kuvimba, fungua zote kidogo kidogo, toa hewa.

Sandra: Kuko mama moja ametulomba ku ujumbe, anasema lupango yake ni kidogo, na majirani beko pale pale ku mukuta, anaweza kuanza namna gani?

Ilunga: Mama, anza na litre kumi, sufuria moja ya kawaida na bido moja. Kwa nyama, acha pipa, kamata sufuria nzito ya kufunika, kuku ya kienyeji ya kukomaa, uiweke ku mbabula wakati bia iko mu mablangeti, makala tatu ine tu. Machicha, ile bunga ya kubakia, patia bakuku, haitupwe. Na kama hauna termometa bado, anza na munkoyo, haiombe termometa, itakufundisha joto na macho.

Sandra: Mizizi uinunue kwa mwenye anaijua, wa kuponda munkoyo yake mwenyewe, usiokote ku pori kama hauijue.

Ilunga: Kabisa. Na majirani, mama, ubaite tu. Harufu ya ile kuku itakuwa imeshabaita.