Karani wa Saint Lucia: mhadhara kuhusu Arthur Lewis

Walimu wenzangu, na nyie vijana mliojazana nyuma wakati viti vya mbele viko wazi: ndiyo, leo tena ni Arthur Lewis, mwanauchumi wa kisiwa cha Saint Lucia kule Karibiani. Najua kuna wanaohesabu nimemtaja mara ngapi. Hesabuni tu. Nitanyamaza siku nitakapompata mwanafunzi anayechora ule mchoro wake wa sekta mbili, kilimo cha kujikimu upande mmoja na viwanda upande wa pili, na anajua pia kwamba mwenye nadharia yake aliacha shule akiwa na miaka 14.

Hakufukuzwa. Alimaliza mtaala wote. Alipokuwa na miaka saba aliugua, ikabidi abaki nyumbani, na baba yake akawa anamfundisha kila siku. Aliporudi shuleni akarushwa kutoka darasa la nne hadi la sita. Haukupita mwaka baba akafariki, akaacha mjane na watoto watano, wote wa kiume. Sasa mtoto amemaliza shule, kisiwa kiko chini ya Mwingereza, na mtihani wa skolashipu hawezi kuufanya mpaka 1932 kwa sababu umri haujatosha. Afanye nini? Akawa karani serikalini. Akajifunza kuandika, kupiga chapa na kupanga mafaili. Mwenyewe alikiri kwamba kazi ile ndiyo iliyomfundisha utaratibu. Isomeni makala yake ya 1954, ile yenye nadharia hiyo: kila hoja iko kwenye faili lake, hakuna karatasi iliyopotea.

Alitaka uhandisi. Lakini serikali ya kikoloni haikuwa tayari kumwajiri mhandisi mweusi, wala mashamba ya miwa. Akaona bora asome biashara, akaingia London School of Economics mwaka 1933 akiwa hajui hata uchumi ni somo gani. Mwaka 1938 wakampa kazi ya kufundisha, mtu mweusi wa kwanza pale. Mwaka 1948 akawa profesa Manchester, ana miaka 33.

Namwona kijana pale ananong'ona kwamba mtihani hauulizi baba yake Lewis alifariki lini. Hauulizi, kweli, na mimi ni mmoja wa wanaoutunga. Lakini angalia maswali aliyokuwa nayo kichwani akitembea barabarani Bangkok, Agosti 1952. Mojawapo: ni nini kinachoamua bei ya chuma cha pua ikilinganishwa na kahawa? Jingine: kwa nini Uingereza, katika miaka 50 ya mwanzo ya mapinduzi ya viwanda, faida zilipanda na ujira ukaganda palepale? Nani pale London angekosa usingizi kwa ajili ya mkulima wa kahawa? Aliyekulia kisiwani kwenye miwa, huyo atakosa.

Jibu lake lilikuwa kuitupa dhana kwamba nguvukazi ni haba. Vijijini kukiwa na umati unaopata riziki ya kujikimu tu, mwajiri ana haja gani ya kuongeza ujira? Na mkulima wa kahawa kipato chake hakiendi mbali na kile ambacho angepata kwa kulima chakula. Ukiongeza tija ya kahawa peke yake, bei inashuka, na atakayefaidi ni mnywaji wa kule ng'ambo. Wenzangu wa Bukoba na Moshi, mnacheka nini?

Tuzo ya Nobel aliipata 1979, pamoja na Theodore Schultz, mtoto wa wakulima wa South Dakota. Na hao wawili hawakukubaliana! Schultz hakuamini kabisa kwamba shambani kuna mikono ya ziada. Alichukua mlipuko wa homa ya mafua India mwaka 1918 na 1919: watu walikufa, na eneo lililolimwa likapungua. Mikono ya ziada ingekuwepo, lisingepungua. Aliyekulia shambani hawezi kuambiwa kwamba kuna mtu shambani asiye na kazi.

Muda umekwisha, naoneshwa kikaratasi. Ghana basi, kwa haraka: Lewis alikwenda 1957 kumshauri Nkrumah, wakagombana juu ya matumizi, na kabla 1958 haijaisha alishaondoka.

Mmarekani Elinor Ostrom naye nilimwandalia kurasa tatu. Alinyimwa nafasi ya udaktari wa uchumi kwa sababu hakuwa na hesabu za kutosha, na hesabu hizo wasichana wa shule yake hawakuhimizwa kuzisoma. Akahamia sayansi ya siasa, akachunguza visima vya maji California, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo ileile ya uchumi. Mwanauchumi Mwingereza Joan Robinson alifariki 1983 bila kuipata, na kuhusu hilo mkinipa kipaza sauti hamtalala leo. Maswali.