Leipzig: chuo cha muziki cha Mendelssohn, na wewe wa kwaya unavyoweza kufika

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana wenzangu, mambo vipi. Leo niko Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, mtaa wa Grassistraße. Jengo hili nyuma yangu ni chuo kikuu cha muziki na maigizo, kinachoitwa kwa jina la mwanzilishi wake, mtunzi wa muziki Felix Mendelssohn Bartholdy. Ngojeni ninyamaze kidogo msikie.

Mmesikia? Huko juu kuna mtu anapiga tromboni, sauti ndefu moja, anapumua, anairudia. Dirisha la pili kuna dada anapasha koo. Kukiwa na joto madirisha yakafunguliwa, mtaa wote ndivyo unavyokuwa.

Wengi wenu, hasa wa kwaya na matarumbeta, mmenitumia ujumbe mkiuliza kama Mtanzania au Mkenya anaweza kusoma hapa. Anaweza. Ila nianze na historia, maana bila hiyo hutaelewa siku ya usaili wanakutafutia nini.

Mendelssohn alihamia Leipzig mwaka 1835 kuongoza okestra ya Gewandhaus, ukumbi wa muziki wa mji huu. Okestra hiyo haikuwa ya mfalme, ilianzishwa mwaka 1743 na wafanyabiashara wa mji huu kwa fedha zao wenyewe. Mwaka 1839 akafariki jaji mmoja, Heinrich Blümner, akaacha wosia wa thaler 20,000, fedha ya Ujerumani ya wakati ule, zitumike kwa sanaa au elimu, kwa uamuzi wa mfalme wa Saxony, dola ambayo Leipzig ilikuwa ndani yake. Mendelssohn akaziwahi. Mwaka 1840 aliandika barua kuomba fedha zile zijenge shule ya muziki, na Aprili 1843 masomo yakaanza, kwenye ua wa Gewandhaus penyewe.

Hapo kwenye ua ndipo pananigusa mimi. Aliyekuwa anafundisha fidla, Ferdinand David, ndiye aliyeongoza wapiga fidla wa okestra ile. Utunzi na piano alifundisha Robert Schumann. Mwanafunzi aliruhusiwa kuingia kwenye mazoezi ya okestra, akakaa, akasikiliza. Asubuhi mwalimu anakusahihisha mkono, jioni unamwona yeye mwenyewe akifanya alichokuambia. Na wasichana walipokelewa tangu mwanzo, ingawa nadharia walifundishwa darasa la peke yao.

Mendelssohn alifariki mwaka 1847 akiwa na miaka 38, na kwa maoni yangu chuo kiliyumba baada yake. Walimu walishika ya zamani wakagoma kusogea. Edvard Grieg wa Norway aliletwa hapa mwaka 1858 akiwa na miaka 15, na mwalimu wake wa kwanza wa piano alimchosha kwa mazoezi makavu mpaka akaomba abadilishiwe. Akabadilishiwa. Lakini ni hapa hapa Leipzig alipomsikia Clara Schumann akipiga konseto ya piano, yaani kazi ya piano na okestra, ya mumewe Robert, na miaka kumi baadaye, 1868, Grieg akatunga ya kwake, kwa ufunguo ule ule wa A ndogo (A minor), na ndani yake unaisikia Norway kabisa.

Sasa tazameni waliopita hapa walivyofanya walipotoka. Mykola Lysenko alirudi Ukraine, akakusanya nyimbo za watu wa kwao, na mwaka 1904 akafungua shule ya muziki Kyiv. Leoš Janáček alikaa miezi michache tu, akarudi Brno, na mwaka 1881 akaanzisha shule ya ogani. Xiao Youmei wa China alisoma hapa miaka ya 1910, na mwaka 1927 akawa mmoja wa waanzilishi wa chuo cha muziki cha Shanghai. Rentarō Taki wa Japani yeye hakubahatika. Alifika mwaka 1901, akaugua kifua kikuu, akarudi kwao na kufariki mwaka 1903 akiwa na miaka 23. Kila nikimfikiria huyu kijana naumia, maana nyimbo zake Wajapani wanaziimba mpaka leo, na alikuwa ndio kwanza anaanza.

Wote hawa walikuja kutafuta ufundi, wakaenda kuutumia kwa muziki wa kwao. Ndiyo maana nawaambia msije hapa kwa nia ya kuisahau ngoma ya kwenu.

Kuna jambo siwezi kulipita. Mendelssohn alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Novemba 1936 Wanazi waliibomoa sanamu yake iliyokuwa mbele ya Gewandhaus, wakati meya wa mji, Carl Goerdeler, yuko safarini. Aliporudi akadai irudishwe, akakataliwa, akajiuzulu. Chuo kilipewa jina la Mendelssohn mwaka 1972, na sanamu mpya imesimama karibu na kanisa la Thomas tangu 2008.

Na kanisa hilo linatuhusu. Mtunzi Johann Sebastian Bach aliongoza muziki pale kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, walikuja na nyimbo kutoka hazina ile ile ya Kilutheri ambayo Bach alikuwa akiipangia sauti nne. Mtoto aliyekulia kwenye kwaya ya usharika kule Kilimanjaro akiingia hapa, besi anaijua tayari.

Haya, masomo. Kuna vyombo vyote vya okestra, piano, uimbaji na opera, utunzi, uongozaji wa okestra na kwaya, muziki wa kanisa, muziki wa kale, jazi, ualimu wa muziki, na upande wa maigizo. Shahada ya kwanza ni mihula minane, uzamili minne. Kuna pia akademia ya okestra inayoendeshwa pamoja na Gewandhaus, kwa hiyo wazo la ule ua bado liko hai.

Kuingia ni kwa mtihani. Unapiga au unaimba kazi ulizoandaa mbele ya jopo, halafu unapimwa sikio na nadharia. Na hapa ndipo vijana wetu wanapoangukia. Sisi tumelelewa na solfa: do, re, mi ubaoni, mwalimu wa kwaya ana fimbo mkononi. Sikio tunalo, tena kali. Lakini karatasi ya mtihani ni nota za mistari mitano, na mwimbaji naye anatakiwa ajue piano kidogo. Usisubiri ufike Ulaya ndipo ujifunze. Makumira, Arusha, kuna shahada ya muziki. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy tangu 2002, na utapata taarab humo humo. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music tangu 1944.

Kijerumani hukikwepi, anza sasa. Na ada: vyuo vingi vya umma Ujerumani ni bure au karibu na bure, lakini hiki kilianza mwaka 2013 kutoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,800 kwa muhula. Angalieni kwenye tovuti ya chuo kiwango cha mwaka mnaoombea, na ulizeni mapema kuhusu ufadhili na misamaha. Msimpe hela mtu anayewaambia ana njia yake ya kuwaingiza. Jopo linasikiliza mikono yako tu.

Kama usharikani kwenu kuna kinanda kinachofungiwa kufuli Jumatatu mpaka Jumamosi, nendeni kwa mchungaji kwa heshima, wawili watatu, muombe saa moja ya mazoezi kila jioni. Halafu niandikieni hapo chini mko wapi na mnapiga chombo gani, nianze kuwakutanisha na wanafunzi wa hapa walio tayari kuwasikiliza kwa simu.