Jua rpm za dizeli yako ukiwa kilomita 100 kwa saa: tairi, difu na gia

Habari ndugu mtazamaji, karibu. Leo hatufungui injini. Tunataka kujua jambo moja tu: dizeli yako ikiwa gia ya mwisho, barabara kuu, kilomita 100 kwa saa, injini inazunguka mara ngapi kwa dakika (hizo ndizo rpm), na je, hapo ilipo inavuta kwa raha au inateseka bila wewe kusikia?

Gari letu la mfano ni hili Land Cruiser mkonga. Injini ni 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini), na gia zake ni tano za mkono. Sogeza kamera kwenye dashibodi hapo. Unaona? Hakuna mshale wa rpm. Kwa hiyo tutapiga hesabu wenyewe, na hata wewe mwenye mshale fuatana nasi, kwa sababu hesabu hii ndiyo itakayokuambia nini kitatokea kabla hujanunua tairi kubwa au kubadilisha difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazopeleka mzunguko magurudumuni.

Anza na tairi. Usichukue kipimo cha mtandaoni, pima lako. Hakikisha upepo ni sahihi na gari lina mzigo wake wa kawaida, maana tairi lililobeba mzigo hubonyea kidogo na umbali linaotembea kwa mzunguko mmoja hupungua. Chora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi pale linapogusa chini, na mwingine sakafuni, ikutane. Sukuma gari taratibu, mstari wa tairi uzunguke mpaka urudi chini. Chora tena sakafuni. Sasa vuta tepu kati ya alama mbili za sakafu. Hili letu ni 7.50R16, na tumepata mita 2.45. Andika.

Pili, difu. Kwenye magari ya Toyota kuna kibati chenye namba ya chesi, na humo utaona msimbo wa giaboksi na wa ekseli. Muuza spea anayejua kazi yake atakufumbulia. Lakini gari likishapita mikono mitatu minne, kibati kinakuambia lilitoka kiwandani na difu gani, hakikuambii fundi wa mwisho alirudisha ipi. Mimi naamini kuhesabu.

Hapa kuwa makini. Kaba magurudumu ya mbele kwa kabari, mbele na nyuma ya tairi, kwa sababu breki ya mkono ya gari hili inashika magurudumu ya nyuma na lazima tuiachie. Gia iwe fri, gari liwe kwenye 2H (injini inavuta magurudumu mawili tu). Inua gurudumu moja tu la nyuma, weka stendi, usiliache gari juu ya jeki peke yake. Weka alama ya chaki kwenye propela (shafti inayotoka giaboksi kwenda difu) na kwenye gurudumu. Mwenzangu anazungusha gurudumu mara 20 kamili, mimi huku chini nahesabu propela. Moja, mbili, tatu... tumesogeza video mbele... 41.

Gurudumu moja likiwa juu na jingine limekaa chini, difu inagawa mzunguko kwa mbili, kwa hiyo mara 20 za gurudumu ni mara 10 za krauni, ile gia kubwa ya ndani ya difu. Chukua 41, gawa kwa 10: difu yetu ni 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 krauni ikizunguka mara moja. Kama difu yako ni ya kujifunga (inayolazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja), njia hii haifai. Inua magurudumu yote mawili, zungusha mara 10, kisha hesabu propela vilevile.

Tatu, gia. Hizi zimo kwenye kitabu cha gari. Kwa giaboksi hii gia ya nne ni 1.00, maana yake injini na propela zinakwenda sawa. Gia ya tano ni 0.88: injini inazunguka mara 88 propela ikizunguka mara 100. Ya tatu ni 1.49.

Basi tupige. Kilomita 100 kwa saa ni mita 1,667 kwa dakika. Gawa kwa 2.45, tairi linazunguka mara 680. Zidisha kwa 4.1 ya difu, unapata karibu 2,790. Hiyo ndiyo rpm ya gia ya nne. Zidisha tena kwa 0.88, unabaki na 2,455. Hiyo ni gia ya tano. Kwa kilomita 80 inakuwa 1,965, kwa 90 ni 2,210, na kwa 120 ni 2,945.

Namba hizi peke yake hazina maana mpaka uziweke mbele ya injini. 1HZ inafikia nguvu yake kubwa ya kuvuta (torque), Nm 285, ikiwa karibu rpm 2,200. Sasa rudi juu uangalie: kilomita 90, gia ya tano, ni 2,210. Ndiyo sababu madereva wakongwe wa mkonga hukuambia gari hili "linatulia tisini". Hawajapiga hesabu yoyote, wanasikia kwa mguu. Kwenye 100 bado uko salama na una akiba ya kupita lori. Kwenye 120 injini yenyewe haifi, kwani nguvu yake ya juu kabisa ya kukimbia (power, siyo torque) inapatikana kwenye 3,800 huko, lakini sasa unapigana na upepo. Kutoka 100 hadi 120 msukumo wa upepo unaongezeka kwa asilimia 44, na nguvu inayotakiwa kuushinda inaongezeka kwa asilimia 73. Na umbo la gari hili unaliona mwenyewe, ukuta mtupu. Usisingizie difu kwa mafuta yanayokwenda hapo.

Kuna imani kwamba rpm zikiwa chini, mafuta yanabaki. Kwenye tambarare, gari jepesi, ni kweli. Kwenye mlima ni uongo, na ni uongo wa gharama.

Tazama. Umeanza kupanda, spidi imeshuka hadi 60, wewe bado umeng'ang'ania gia ya tano. Injini iko kwenye 1,470 tu. Ni kama kupanda kilima kwa baiskeli ukiwa kwenye gia nzito: kila kanyagio ni kazi. Unakandamiza mafuta zaidi, pampu inamwaga dizeli zaidi, lakini hewa ni ileile kwa sababu hakuna tabo ya kuisukuma. Dizeli isiyopata hewa inatoka nyuma kama moshi mweusi. Silinda zinapata joto, na wakati huohuo pampu ya maji na pampu ya oili, ambazo zinaendeshwa na injini hiyohiyo, zinazunguka polepole. Yaani joto limepanda na upoozaji umepungua kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo jipime hivi: ongeza mafuta kidogo. Gari likiitika, endelea. Ukikanyaga zaidi na spidi haipandi, au unasikia mtetemo mzito unapita sakafuni, au kioo cha pembeni kinakuonyesha moshi mweusi, pangua gia. Ukiwa 60 gia ya nne inakupa karibu 1,670, ya tatu inakupa karibu 2,500. Kwenye mlima mkali wenye mzigo, ya tatu ndiyo yenyewe. Injini italia, ndiyo. Iache ilie.

Wenye dizeli mpya za tabo, namba zenu ni nyingine. Chukua injini ya 2GD-FTV ya Hilux, lita 2.4: kwenye matoleo yake ya Nm 400 nguvu hiyo ya kuvuta inapatikana kati ya rpm 1,600 na 2,000. Kwa hiyo kwenye 1,800, ambako 1HZ ingekuwa bado haijachangamka, hii iko katikati ya nguvu zake. Lakini ikishuka chini ya 1,500 na mzigo, tabo haina pumzi, na kanuni ya kupangua ni ileile. Kama ni otomatiki na mlimani inarukaruka kati ya gia mbili, sogeza mkono kwenye S uifunge gia ya chini. Usiiachie ihangaike yenyewe.

Kushuka sasa. Tuseme uko Kitonga, unatoka Iringa kurudi Morogoro. Usiweke fri. Mbali na hatari ya breki kuchemka, hata hesabu ya mafuta inakataa: gari likiwa kwenye gia na umeachia mafuta kabisa, dizeli haiingii kwenye silinda, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka fri, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Chagua gia mapema, kabla mteremko haujaanza, na kumbuka gavana ya pampu (kidhibiti cha mafuta) inaweza kukata mafuta tu. Magurudumu yakiisukuma injini kupita kiwango chake, haina la kufanya. Hapo breki ni kazi yako.

Twende kwenye tairi kubwa, maana hili swali haliishi. Hilux imetoka na 265/65R17, kipenyo chake karibu sentimita 78. Mwenyewe anaweka 285/70R17, karibu sentimita 83. Ni ongezeko la asilimia 7. Kilomita 100 za kweli ulizokuwa unatembea na 2,000 sasa zinakuja na 1,870. Inasikika vizuri, sivyo? Ila umebeba tairi zito zaidi, na kila gia sasa ni ndefu, hivyo mlima uliokuwa unaupanda na ya tano sasa utataka ya nne. Na spidomita inasoma pungufu kuliko ilivyokuwa. Ukidhani umeingia kijijini na 50, unaweza kuwa umepita hapo, na trafiki mwenye tochi hatakuuliza saizi ya tairi. Linganisha na spidi ya GPS ya simu, ila asome abiria.

Dawa ya tairi kubwa ni difu fupi zaidi, yaani yenye namba kubwa zaidi: zidisha difu yako kwa 1.07 uone namba unayoitafuta, halafu chagua iliyo karibu nayo sokoni. Na kwa gari la kuvuta magurudumu manne, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na namba moja. Ukibadilisha ya nyuma peke yake, siku utakayoweka 4H (magurudumu yote manne yanavuta) kwenye lami kavu zitavutana mpaka kitu kivunjike.

Andika chini aina ya gari, saizi ya tairi, namba ya difu na gia zako ni ngapi. Nitakupigia hesabu hukohuko.